Kabla ya Kuuliza Mshahara, Uliza Mkataba Unaishaje

Mchezaji au msanii akiniletea mkataba nimsomee, kidole chake huwa tayari kiko kwenye tarakimu: mshahara, dau la kusaini, asilimia ya mirabaha. Mimi huanza na muda. Mkataba unaanza lini, unaisha lini, nani ana haki ya kuurefusha, na kwa sababu zipi kila upande unaweza kuuvunja. Hapo ndipo watu wa michezo na burudani wanapoumizwa zaidi, na mara nyingi wanaumizwa na mkataba ambao fedha zake zilikuwa nzuri tu.

Mwaka 1852 mwimbaji wa opera wa Kijerumani, Johanna Wagner, alikuwa ameahidi kuimba katika ukumbi mmoja wa London kwa miezi mitatu, na asiimbe kwingine katika muda huo. Ukumbi shindani ukamwahidi fedha zaidi, naye akakubali. Mahakama ilikiri kwamba haiwezi kumlazimisha aimbe. Ikamzuia tu asiimbe kwingine. Zuio la namna hiyo bado ni silaha kali mikononi mwa mwajiri, hasa katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza. Hakuna anayekuja kukuburuta mazoezini wala studio. Unaachwa ukae nyumbani huku umri unakwenda. Mwigizaji Bette Davis aliyaonja hayo mwaka 1936, alipojaribu kufanya filamu Uingereza akiwa bado na mkataba na kampuni ya filamu ya Marekani, Warner Bros. Alishtakiwa London akashindwa.

Mhasibu akikaa miaka miwili bila kazi anaumia, lakini taaluma yake inamsubiri. Mkimbiaji au winga akikaa miaka miwili, huenda ndiyo ile miwili ambayo mwili wake ungempa kila alichokuwa nacho. Ndiyo maana nasisitiza muda kuliko fedha.

Tazama kipengele cha namna hii, ambacho ni cha kawaida katika mikataba ya kurekodi muziki: "Mkataba utadumu mwaka mmoja. Kampuni itakuwa na hiari ya kuongeza vipindi vinne. Kila kipindi kitaisha miezi tisa baada ya msanii kukabidhi albamu inayokubalika kibiashara." Msanii anasoma mwaka mmoja. Mimi nasoma albamu tano zisizo na tarehe ya mwisho. Nani anaamua kwamba albamu inakubalika kibiashara? Kampuni. Ikiikataa, ile miezi tisa haijaanza hata kuhesabiwa. Nani anaamua kuendelea au kuachana? Kampuni tena, peke yake. Albamu ya kwanza ikifeli, unaachwa. Ikivuma, unabakizwa kwa masharti uliyoyakubali ukiwa hujulikani.

Nikiwa upande wa msanii napigania mambo machache hapo. Iwekwe tarehe ya ukomo ambayo haiwezi kupitwa hata iweje. Albamu ipimwe kwa ubora wa kiufundi wa sauti, wala si kwa matarajio ya soko, na kampuni ikikaa kimya siku thelathini baada ya kukabidhiwa, ihesabike imekubali. Kila hiari itumike kwa barua, na iambatane na malipo ya awali makubwa kuliko yaliyotangulia. Jambo la mwisho ndilo ninaloling'ang'ania kuliko yote: kampuni isipoitoa kazi sokoni ndani ya muda uliotajwa, msanii aondoke na rekodi zake.

Hili la mwisho lina historia. Mtunzi wa nyimbo Tony Macaulay alisaini na kampuni ya uchapishaji wa muziki akiwa kijana wa miaka 21. Aliikabidhi hakimiliki ya kila atakachotunga kwa miaka mitano, na mapato yake yakivuka pauni 5,000, mkataba ungejiongeza mitano mingine. Yaani mafanikio yake yenyewe ndiyo yangemfunga zaidi! Kampuni haikuwa na wajibu wa kuchapisha hata wimbo mmoja, na ingeweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi. Yeye hakuwa na njia hiyo. Mwaka 1974 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisema mkataba huo hauwezi kutekelezwa. Nikiona upande mmoja tu ndio wenye haki ya kutoka, kesi hii ndiyo ya kwanza kunijia akilini.

Kule California, mwigizaji Olivia de Havilland alikutana na hila nyingine. Kila aliposimamishwa kwa kukataa filamu, Warner Bros. iliongeza siku hizo mwishoni mwa mkataba wake wa miaka saba. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1944 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba miaka saba ni saba ya kalenda. Kwa wanamuziki ushindi huo ulipunguzwa makali: tangu 1987 sheria ya jimbo inaruhusu kampuni kudai fidia kwa albamu ambazo hazikukabidhiwa.

Kwenye soka, hata mkataba ulioisha ulikuwa haumwachi mtu. Mkataba wa mchezaji Jean-Marc Bosman na klabu ya RFC Liège ya Ubelgiji uliisha mwaka 1990, lakini bado klabu ilidai ada ya uhamisho, na uhamisho wake kwenda klabu ya Dunkerque ya Ufaransa ukavunjika. Hukumu ya Desemba 15, 1995 ya Mahakama ya Haki ya Ulaya ndiyo iliyofuta ada hiyo kwa raia wa Umoja wa Ulaya waliomaliza mikataba na kuhamia nchi nyingine ya Umoja. Ilibaki hoja ya anayeondoka kabla ya muda kuisha. Oktoba 4, 2024, katika kesi ya mchezaji wa Ufaransa Lassana Diarra, mahakama hiyohiyo ilikosoa kanuni za FIFA, ikiwemo ile ya kuibebesha klabu mpya fidia pamoja na mchezaji. FIFA ililazimika kuzirekebisha.

Wengi wanaoniuliza, hata hivyo, hawana kesi ya Diarra. Wana mshahara ambao haujaingia. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji asipolipwa mishahara ya angalau miezi miwili kwa wakati ana sababu halali ya kuvunja mkataba, mradi kwanza aiandikie klabu na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe yote. Simu kwa katibu si barua. Wala ujumbe kwenye kundi la timu. Andika miezi inayodaiwa, kiasi cha kila mwezi, jumla, na tarehe ya mwisho, kisha tuma kwa njia ambayo unaweza kuthibitisha imepokelewa. Anayeacha mazoezi kwa hasira kabla ya siku hizo kuisha anaipa klabu nafasi ya kusema yeye ndiye aliyevunja.

Kama mgogoro una sura ya kimataifa, kwa mfano wewe ni mgeni katika nchi ya klabu, unaweza kwenda kwenye baraza la FIFA la migogoro. Usikae na madai mfukoni ukisubiri ahadi za msimu ujao: ikipita miaka miwili tangu tukio lililozaa mgogoro, baraza halisikilizi shauri hilo.