Mwangwi wa Ardhini: Mambo ya Kuzingatia Timu ya Upimaji Inapofika Kwako

Timu zetu za kupima matabaka ya ardhini kwa mitetemo zinapotandaza kebo kando ya mashamba, malalamiko hufika ofisini kabla hata nyundo haijainuliwa: kwamba tunasaka madini kwa siri, kwamba vigingi vinavyoonyesha sehemu za kupimia ni dalili ya watu kuhamishwa, kwamba nyumba zitapasuka. Nyundo ya mkononi haipasui nyumba, na hili tumelieleza mara nyingi. Vyanzo vizito zaidi, kama vile uzito unaodondoshwa kwa mashine, huwekwa mbali na majengo.

Kinachopimwa ni muda. Fundi hupiga bamba la chuma lililolazwa ardhini. Mtetemo hushuka, na pale mchanga unapokutana na mwamba, sehemu ya mtetemo huo hurudi juu kama mwangwi na kunaswa na jiofoni, kifaa kidogo chenye mwiba uliokitwa udongoni. Katika mchanga uliojaa maji, ambamo mawimbi husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, mwangwi uliorudi baada ya milisekunde 40 umetoka kina cha mita 30 hivi, kwa kuwa muda huo ni wa kwenda na kurudi.

Mwangwi huo ni dhaifu mno, kiasi kwamba mtu anayepita karibu na mstari wa jiofoni huonekana kwenye skrini hatua kwa hatua. Kwa hiyo kiongozi wa timu anapoinua mkono, wapita njia wasimame na magari yazimwe injini, mpaka atakapoushusha. Kigingi kisiguswe hata kikiwa kimeziba njia: ajulishwe kiongozi, naye atakihamisha na kupima upya nafasi na mwinuko wake, kwa sababu kosa la nusu mita tu, kwenye udongo mkavu wa juu ambamo mawimbi huenda taratibu, laweza kuufanya mwamba uonekane umeshuka mita moja au mbili zaidi. Jiofoni iking'olewa, sehemu hiyo hupimwa upya. Uharibifu wa makusudi huandikiwa taarifa yenye namba ya kigingi, saa na maelezo ya shahidi, ndipo hatua za kisheria zifuate.

Mchoro unaopatikana hautaji maji wala madini. Huonyesha mahali tabaka linapobadilika. Anayechimba kisima kwa kuutegemea peke yake, bila shimo la uchorongaji, yaani shimo jembamba la kuonyesha matabaka yenyewe, la kuulinganisha nalo, anajitafutia hasara. Tena, katika mchanga huohuo uliojaa maji, mawimbi yakitetema mara 150 kwa sekunde, tabaka lenye unene wa chini ya mita 2.5 halitenganishwi na jirani yake, hata mpimaji awe hodari kiasi gani.