Sera ya SELinux kwa vlock: programu ya kufunga skrini nayo hufungwa

Seva nyingi za ofisi, iwe ya SACCO Mbarara au ya shule Gulu, hazina madirisha wala kipanya. Unachomeka kibodi, unakuta maandishi tu kwenye skrini nyeusi, na fundi anayeitunza huingia humo mara nyingi kwa akaunti ya root, ile yenye mamlaka yote. Umeme ukikatika akaitwa mbio kuwasha jenereta, terminali yake, yaani hiyo skrini ya kuandikia amri, inabaki wazi kwa yeyote atakayepita.

Kazi ya vlock ni kuziba pengo hilo. Ukiandika `vlock` na kubonyeza Enter, terminali inafungwa mpaka nenosiri liandikwe. Ila Linux, mfumo endeshi wa seva hizi, ina terminali kadhaa kwenye kibodi hiyohiyo, unazihama kwa Ctrl+Alt+F2, F3 na kuendelea, na vlock tupu hufunga ile uliyopo peke yake. `vlock -a` ndiyo inayofunga zote na kuzuia kuhama. Wanaoijua amri ya kwanza ni wengi kuliko wanaoikumbuka ya pili, na kwenye chumba cha seva ya pili ndiyo inayofaa.

Hapo umemzuia mtu. Sera ya udhibiti wa lazima inafanya kazi tofauti kabisa: inaizuia vlock yenyewe.

Katika utaratibu wa kawaida wa Linux, mwenye faili ndiye anayeamua nani alisome na nani aliandike. Akitaka anaandika `chmod 777` na faili linakuwa la kila mtu. Tena programu unayoianzisha hufanya kazi kwa mamlaka yako: vlock ikianzishwa na root, inakuwa na uwezo wa root, ingawa shughuli yake ni kuuliza nenosiri na kusubiri. Ikitokea ina kasoro, na mtu aliye mbele ya kibodi akaigundua, hataishia kufungua skrini. Atakuwa ameshika programu yenye uwezo wa kusoma daftari la wateja, kufuta kumbukumbu na kufungua akaunti mpya.

Udhibiti wa lazima unaweka mwamuzi wa pili juu ya huyo mwenye faili. Ni kama majengo ya maduka pale Kikuubo, Kampala: mwenye duka ana haki ya kumpa rafiki yake ufunguo, lakini askari wa getini ana maagizo ya mwenye jengo, na usiku ukiingia ufunguo ule haumvushi rafiki getini. Kwenye kompyuta askari ni kerneli, kiini cha mfumo endeshi, na maagizo ndiyo sera. Hata root anapita chini ya sera hiyo.

Mfumo unaojulikana zaidi kwa kazi hii kwenye Linux ni SELinux. Ulianzia NSA, shirika la ujasusi la Marekani, ukatolewa kwa umma mwaka 2000 na kuingizwa kwenye kerneli ya Linux mwaka 2003. Wapo wanaoguna wakisikia chimbuko hilo. Msimbo wake uko wazi na umepekuliwa na watu wa kila namna kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo mguno huo mimi siupi uzito.

SELinux haitazami jina la faili wala jina lako. Inatazama lebo. Kila faili lina lebo yake na kila programu inayotembea ina ya kwake, na sehemu ya lebo inayobeba uamuzi mwingi ni ile ya aina, ambayo kwa desturi huishia na `_t`. Faili la programu ya vlock lina aina `vlock_exec_t`. Mtumiaji aliyeruhusiwa akilianzisha, mchakato unaozaliwa hauendelei na lebo ya mtumiaji, unahamia `vlock_t`. Kuanzia hapo kisichotajwa kwenye sera ya `vlock_t` kimekatazwa.

Kilichotajwa si kingi. Vlock inaruhusiwa kutumia terminali ya mtumiaji, kupeleka taarifa kwenye kumbukumbu za mfumo, na kupitia PAM, ile mitambo ya Linux ya kuthibitisha watu. Jambo lililonivutia zaidi katika sera hii ni kwamba vlock, ambayo kazi yake ni kuhakiki nenosiri, hairuhusiwi kusoma `/etc/shadow`, faili linalotunza nenosiri zilizofumbwa. PAM inaita programu nyingine ndogo, `unix_chkpwd`, yenye aina yake `chkpwd_t`, na hiyo ndiyo inayosoma faili na kurudisha jibu: sawa au si sawa. Kwa hiyo anayefanikiwa kuiteka vlock hapati hata zile nenosiri zilizofumbwa.

Mpangilio huo una gharama yake, nayo huonekana siku lebo zinapovurugika. Tuseme fundi wa ofisi fulani Mbale anarudisha `/etc/shadow` kutoka kwenye nakala ya akiba. Analiweka kwanza kwenye `/root`, linapata lebo ya huko, `admin_home_t`, kisha analihamisha kwa `mv`. Amri ya `mv` hubeba lebo ya zamani. Ukitazama kwa `ls -l` kila kitu kiko sawa, mwenye faili ni root, ruhusa ni zilezile. Lakini `chkpwd_t` haina ruhusa ya kusoma `admin_home_t`, hivyo vlock inakataa nenosiri sahihi, na mtu anabaki anabonyeza akidhani Caps Lock imewaka. `ls -Z`, inayoonyesha lebo, ingefichua tatizo mara moja, na `ausearch -m avc`, inayotafuta makatazo ya SELinux kwenye kumbukumbu, ingetoa mstari wenye neno `denied` na aina zote mbili. Dawa ni `restorecon /etc/shadow`, inayolirudishia faili lebo yake sahihi. Kama hakuna root aliyebaki ndani, seva inawashwa upya kwa kuongeza `enforcing=0` kwenye mstari wa kerneli ili SELinux isizuie kitu, halafu lebo zinarekebishwa.

Sera hii haiongezi ugumu wa kufuli kwa mtu aliyesimama mbele ya mashine. Nenosiri dhaifu linabaki dhaifu, na anayeweza kuzima seva kwa kitufe hana haja ya kupambana na vlock. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka mwenye kutunza taarifa za watu azilinde kwa hatua za kiufundi na za kiutawala. Mlango wa chumba cha seva unaofungwa nao ni hatua mojawapo.

Usidhani pia kwamba sera inafanya kazi kwa sababu tu imewekwa. Funga terminali moja kwa vlock, kisha ukiwa kwenye nyingine andika `ps -eZ | grep vlock`. Ukiona `vlock_t`, sera inaishika. Ukiona `unconfined_t`, vlock inatembea na uhuru wa mtumiaji wake. Na kwenye Ubuntu, ambayo hapa nchini utaikuta ofisi nyingi, hutaona hata lebo hizo, maana kwa kawaida hutumia AppArmor, inayofuata njia ya faili badala ya lebo.

Vlock ikigoma na unashuku sera, usikimbilie `setenforce 0`, maana hiyo inalegeza mashine nzima. `semanage permissive -a vlock_t` inailegezea vlock peke yake: makosa yanaandikwa lakini hayazuiwi. Kama kilichokwama ni `unix_chkpwd`, amri hiyo haitasaidia, kwa kuwa aina yake ni nyingine. Ukishapata chanzo, rudisha kwa `semanage permissive -d vlock_t`.