Upungufu wa madini ya chuma kwa vijana balehe

Upungufu wa madini ya chuma ni hali ya mwili kuwa na chuma kidogo kuliko unachohitaji. Wengi huichanganya na upungufu wa damu, ilhali moja hutangulia na nyingine hufuata. Chuma kisichotumika huwekwa akiba, hasa kwenye ini, na akiba hiyo hukadiriwa kwa kupima protini iitwayo feritini. Matumizi yanapozidi kile kinachopatikana kwenye chakula, mwili huchota kwenye akiba. Akiba ikiisha, uboho wa mifupa hukosa chuma cha kutengenezea himoglobini, yaani protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, na hapo ndipo wingi wa damu unaposhuka. Kwa sababu hiyo binti anaweza kupimwa wingi wa damu, akaambiwa uko sawa, naye akaendelea kuchoka.

Umri wa balehe ni wa hatari zaidi kwa kuwa mwili hukua kwa kasi, damu na misuli vikaongezeka, na kwa msichana hedhi huondoa chuma kila mwezi. Katika maeneo yetu kuna pia safura, minyoo inayonyonya damu kwenye utumbo. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa shule kisiwani Pemba katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa minyoo hiyo ilikuwa chanzo kikubwa cha upungufu wa chuma kwao.

Dalili huja polepole, na mara nyingi huitwa uvivu: uchovu, kuumwa kichwa, kizunguzungu, kushindwa kufuatilia somo, moyo kwenda mbio kwa kupanda ngazi chache tu. Nyingine, ambayo wazazi huiona kuwa tabia mbaya, ni hamu ya kula vitu visivyo chakula. Msichana huweka kipande cha udongo wa pemba kwenye mfuko wa sketi ya shule, akakimega kidogo kidogo darasani, au hutafuna barafu siku nzima. Kumgombeza hakutamwondolea hamu hiyo. Anayestahili kugombezwa hayupo, anayestahili kupimwa yupo.

Kuvuta chini ukope wa jicho au kutazama weupe wa viganja husaidia damu inapokuwa imepungua sana, lakini upungufu mdogo hauonekani kwa macho. Maabara huhesabu kuwa damu imepungua himoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa wasichana, na chini ya 13 kwa wavulana wenye miaka 15 na kuendelea. Feritini iliyo chini ya maikrogramu 15 kwa lita huonyesha kuwa akiba imekwisha, ingawa maambukizi yoyote, malaria ikiwemo, huipandisha na kuficha tatizo. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, pia huwa na damu kidogo bila lazima ya kukosa chuma, hivyo vidonge visinunuliwe dukani kwa kubahatisha.

Tiba ya kawaida ni vidonge vya chuma kwa kipimo anachoandika mtoa huduma. Himoglobini hupanda kwa takriban gramu 1 kwa desilita au zaidi katika wiki 4 za mwanzo, kijana akajisikia vizuri na kuacha dawa. Hilo ndilo kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, kwa sababu akiba bado ni tupu: dawa huendelea kwa takriban miezi 3 baada ya damu kurudi sawa. Choo kuwa cheusi ni jambo la kawaida; tumbo likisumbua, aulize kuhusu kumeza siku moja na kuacha siku moja badala ya kukatisha.

Kidonge kimezwe kwa maji au juisi ya machungwa, na chai isubiri saa moja au mbili, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Chuma cha maini, nyama na dagaa hufyonzwa vizuri kuliko cha maharage na mchicha, ambavyo vinafaa zaidi vikikamuliwa ndimu. Juisi nyekundu ya rozela au bitiruti haiwezi kuchukua nafasi ya vidonge. Wekundu wake hautokani na chuma.

Damu isipopanda baada ya wiki 4, ni lazima kutafuta inakovuja. Msichana aulizwe, kwa faragha na kwa upole, hedhi yake huchukua siku ngapi na hubadilisha pedi mara ngapi. Zikipita siku 7, au pedi ikijaa kila saa, hedhi yenyewe inahitaji matibabu, na wengi hawatalisema jambo hilo mpaka waulizwe.