Kuhama na kuhamahama: ndege wa majangwani na pwani ya Malindi

Kuna vitenzi viwili vinavyofanana kwa sauti lakini vina maisha tofauti ndani yake: kuhama na kuhamahama. Ndege anayehama ana kwao na ana aendako, na msimu ukigeuka hurudi. Anayehamahama hana ratiba. Huenda mvua ilikonyesha, akazaa huko, na maji yakikauka huondoka. Majangwani wamo wote wawili, na wapo pia wasiokwenda popote.

Jangwa, kwa kipimo kinachotumika sana, ni mahali panapopata mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka. Malindi hupata karibu mara nne ya hiyo. Watu husikia neno jangwa wakadhani ni mahali patupu, na hilo ndilo kosa ninalotaka kulisahihisha hapa.

Wanaohamahama utawaona vizuri Australia. Ziwa Eyre hukaa kavu miaka kadhaa, likawa chumvi tupu. Mafuriko yakilifikia, ndege aina ya wari humiminika kwa maelfu kutoka mbali, hujenga viota na kulea, kisha hutawanyika tena. Hakuna mwezi maalumu wa kuwangoja.

Kati ya ndege wanaoishi na kuzaa majangwani, anayenigusa zaidi ni firigogo, ndege wa umbo la njiwa. Makinda yake hukaa chini kwenye mchanga, mbali na maji, na hayawezi kuruka. Baba huenda kisimani au ziwani asubuhi, huingia majini na kujisugua mpaka manyoya ya tumbo yalowe chepechepe, halafu huruka hata kilomita 30 kurudi. Makinda hujipanga chini yake na kufyonza maji kwenye manyoya, kama watoto wanaonyonya. Mwingereza Edmund Meade-Waldo alilieleza jambo hili mwaka 1896 na wengi hawakumwamini. Mwaka 1967 Tom Cade na Gordon Maclean walilithibitisha kwa firigogo wa Kalahari.

Halafu kuna wanaovuka tu. Sahara, kutoka kaskazini hadi kusini, ni zaidi ya kilomita 1,500, na kila mwaka ndege wengi wadogo wa Ulaya huivuka kuja huku kwetu na kurudi. Kabla ya safari hula mpaka baadhi yao uzito hukaribia kuwa maradufu, na nyongeza hiyo ni mafuta. Wengi huruka usiku, na jua likipanda hutua chini ya kivuli cha jiwe au kichaka na kutulia kimya hadi magharibi. Wengine hutoka Asia wakipitia nchi kavu za Arabuni na Pembe ya Afrika. Hao ndio wanaonaswa usiku wa ukungu kule Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969 ndege huvishwa pete mguuni na kuachiwa.

Mgeni wa jangwani ninayemjua kwa karibu, ambaye Waingereza humwita crab plover, yuko kwenye Hori ya Mida, pale Watamu, karibu na Malindi. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi wa kupasulia kaa. Mzee mmoja anayetega kaa aliniambia, "Mwanangu, hawa ni kama majahazi ya Arabuni, kaskazi ndiyo huwaleta." Shikamoo yake nilimpa kwa heshima zote, na juu ya Arabuni amesema kweli, ila wa kwanza huonekana tangu Agosti, kusi ikiwa bado inavuma.

Ndege hawa huzaa kwenye fukwe za jangwa, kandokando ya Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba ya Uajemi, wakati wa joto kali kabisa. Huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja tu, jeupe. Joto la mchanga lenyewe husaidia kuliatamia yai, hata mzazi akitoka kwenda kutafuta chakula. Jua linaloua viumbe wengine, wao wamelifanya yaya.

Maji yakitoka Mida, simama kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko na utulie. Nimemwona mmoja akimbwaga kaa kwenye tope, akimnyofoa miguu mmoja baada ya mwingine. Nyuma yake alikuwapo mwingine wa rangi ya kijivu, ameinama, anapiga mluzi bila kukoma. Alikuwa mtoto. Ameshavuka bahari na jangwa kwa mbawa zake, na bado alikuwa anaomba kulishwa. Mzazi aligeuka akampa.

Maji yakijaa, wote husongamana kwenye vipande vichache vya mchanga vilivyobaki, na hapo ndipo mashua na watu wa kupiga picha huwasogelea mno. Kila wanaporushwa hutumia mafuta, na mafuta hayo ni ya safari ya Aprili. Tafadhali, simamisheni mashua mbali.