Ile C ya juu si ya Allegri, jamani

Jana usiku tena. Kwenye kundi la walimu wa kwaya ameingia mtu na ile klipu ya wavulana wa Cambridge wakiimba Miserere ya Allegri, ile yenye nota ya C inayopanda juu kabisa, chini kaandika: "Sikilizeni C ya malaika aliyoiandika Allegri." Vidole gumba vikamiminika. Nimekuja kujibia huku, ambako hakuna wa kunikatisha kwa stika.

Allegri hakuiandika C hiyo. Wala hakuuweka ubeti ule uruke namna ile.

Yasiyo na ubishi niyapitie haraka. Gregorio Allegri, mtunzi, aliingia kwaya ya Papa, ile ya kanisa dogo la Sistina huko Vatikano, mwaka 1629, akafariki 1652. Miserere yake ni Zaburi ya 51 (ya 50 kwa hesabu ya Vulgata, Biblia ya Kilatini): kwaya moja ya sauti tano, nyingine ya sauti nne, zinapokezana huku mistari ya Kigregori ikipita katikati, na mwishoni zinaungana kuwa sauti tisa. Iliimbwa Juma Kuu. Karatasini ni kavu kama muhogo wa jana: akodi (nota kadhaa kwa pamoja) inashikiliwa, maneno yanapita juu yake, kisha kadensa, yaani akodi za kufungia, basi. Utamu waliutia waimbaji kwa mapambo, na mapambo hayo walirithishana kwa mdomo.

Na Mozart? Ndiyo, mwaka 1770, akiwa na miaka 14, aliusikia Roma akauandika kwa kumbukumbu, akarudi mara ya pili kusahihisha. Ila hii ya "siri ya Vatikano", eti kuunakili kulikatazwa, inanichosha. Padre Martini, mwalimu wa muziki wa Bologna, alikuwa na nakala yake. Papa mwenyewe, badala ya kumtenga kijana na Kanisa, alimpa nishani. Mwaka uliofuata Burney, mwanahistoria wa muziki, akauchapisha London. Siri gani hiyo inauzwa dukani?

Sasa C yetu. Mwaka 1831 mtunzi Mendelssohn alihudhuria Juma Kuu Roma, akaandika alichokisikia, na kipande kimoja kikakaa juu zaidi kwa umbali wa nne (kama kutoka G hadi C) kuliko kilivyo kwenye nakala nyingine. Hajakosea mtu hapo. Kosa lilizaliwa 1880, kwenye kamusi ya muziki ya Grove, pale mwandishi wake mmoja, Rockstro, alipotoa mfano wa ubeti wa sauti nne: nusu ya kwanza katika ufunguo wa G maina, nusu ya pili kile kipande cha Mendelssohn, kimebandikwa bila kushushwa. Ghafla umo ndani ya C maina, na sauti ya kwanza iko darini. Mwaka 1951 Ivor Atkins akatoa toleo lenye ubeti huohuo, 1963 kwaya ya King's, wale wavulana wa Cambridge, ikalirekodi chini ya kiongozi wao Willcocks, C ikiimbwa na Roy Goodman, mtoto wa miaka 12, na dunia nzima ikaamini. Tena rekodi hiyo mnayoniletea kama Kilatini cha kale imeimbwa kwa Kiingereza! Sikilizeni maneno basi.

Kinachoniudhi hasa si C. Ni ile kauli ya "Mwalimu, si toleo tu?" Toleo zuri linakuambia kila nota imetoka wapi, ipi ya mtunzi, ipi ya mhariri, ipi ya mwimbaji wa karne mbili baadaye. Maelezo hayo hukaa kurasa za mwanzo, na sisi tukienda kutoa kopi, za mwanzo ndizo tunazoacha ili kuokoa karatasi. Tunabaki na nota zisizo na baba wala mama.

Nami sijasalimika. Mzee mmoja wa besi kwenye kwaya yangu, kila tukifika pale nusu mbili zilipounganishwa, alisimama. "Mwalimu, hapa napotea." Nikamgombeza Kwaresima mbili mfululizo, nikamwambia ahesabu, afungue masikio. Siku nilipokaa na penseli juu ya sauti yake peke yake ndipo nikaona: anatolewa F iliyopandishwa nusu toni, anatupwa C. Hakuna mwalimu wa zama za Allegri ambaye angemwandikia besi mruko huo. Mzee alilisikia kosa la 1880 kabla yangu, bila kujua Grove ni nani.

Lakini nikiifuta C, nabaki na nini? Akodi tupu ambazo Sistina yenyewe haikuziimba tupu. Padre mmoja, Alfieri, alichapisha mapambo ya Sistina mwaka 1840, ila hayo ni ya waimbaji wa karne ya 19, si ya Allegri. Hilo neno "asili" nimeshaacha kuliandika kwenye ratiba ya ibada. Na C ikipanda, niseme kweli, nywele zinanisimama kama za wengine.

Mwaka huu tunaimba bila kuruka, G maina mwanzo hadi mwisho. Mzee wa besi anatabasamu tu. Sauti ya kwanza wamenuna, na dada mmoja ambaye C ndiyo ilikuwa yake kaniuliza baada ya mazoezi, "Kwa hiyo Mwalimu, mimi sasa niipeleke wapi?" Sijamjibu.