Ucheshi wa Tom Jones haukuzaliwa miaka ya 1960

Wengi wanaoitazama Tom Jones, filamu ya Uingereza ya 1963 iliyoongozwa na Tony Richardson, hudhani utani wake wa kitandani ni chumvi ya watengenezaji, eti mashamba ya Somerset ya karne ya 18 yalikuwa na haya tupu. Sivyo. Henry Fielding aliyaandika hayo katika riwaya iliyozaa filamu hii, iliyochapishwa mwaka 1749, naye alikuwa hakimu: Tom, kitoto cha kuokotwa kitandani kwa bwana Allworthy, anayekua kuwa kijana asiyejua kukataa mwanamke, na bwana Western mlevi anayependa mbwa wake wa kuwinda kuliko adabu.

Hata ile karamu maarufu ya nyumba ya wageni ina mzizi kitabuni. Humo Tom anafyeka ratili tatu za nyama huku Bi Waters akimrushia macho kama mizinga. Nyongeza ya filamu, na naikubali kuwa tamu, ni kuwafanya wote wawili watafune kwa uchu, macho kwa macho, bila neno.

Tunachokiita haya ya Kiingereza tumekirithi zaidi kutoka enzi ya Malkia Victoria, aliyetawazwa karibu miaka 90 baada ya kitabu hicho.