Milimita 2 kwa kila fremu

Kazi yangu mi ni kuchora mandhari za nyuma za katuni hapa Kampala, yani ile miti, kuta, mawingu, vitu ambavyo mtu haangalii kabisa, na wiki hii vijana ninaowafundisha wamenibana kuhusu filamu moja ya katuni ya Kijapani, Sentimita 5 kwa Sekunde ya Makoto Shinkai, ilitoka 2007. Wanasema ni dakika 63 tu lakini hamna kitu kinatokea, kijana anampenda binti, wanaachana, basi. Ngoja niwaeleze ninachokiona.

Anzeni na jina. Akari, yule binti, bado mtoto anamwambia Takaki, yule kijana, kwamba petali la ua la mcheri huanguka kwa mwendo huo. Sasa piga hesabu: kutoka tawi la mita 3 petali litachukua dakika nzima kufika chini! Kwa ukweli haliko polepole hivyo, jakaranda ya kwetu ikiachia ua limeshafika lami kabla hujageuza kichwa. Ila sisi tunaochora fremu, yani picha moja moja, 24 kwa sekunde, sentimita 5 ukigawa unapata kama milimita 2 kwa kila fremu, na hiyo jicho halishiki. Fremu hii na inayofuata unaona zilezile, alafu ukirudi baadaye kitu kimeshaenda mbali. Hawa wawili wanaachana vilevile, hakuna aliyemkosea mwenzake, barua zinapungua tu.

Sehemu ya treni ndo nimeirudia mara nyingi. Takaki ana miaka 13, familia yake inahamia Kagoshima, kusini kabisa ya Japani, so anatoka Tokyo kwenda Iwafune, alikohamia Akari, kumuona, miadi ni saa 1 jioni. Theluji inaanguka, treni inachelewa, akiwa steshini upepo unabeba barua aliyomwandikia, alafu treni inasimama katikati ya mashamba, giza, kimya. Angalieni kilichochorwa hapo: viti vitupu, taa, theluji dirishani, saa, mtoto kainamisha kichwa. Karibu hakuna kinachosogea. Na moyoni anamwomba Akari arudi tu nyumbani asiendelee kumsubiri, hapo mi huwa nashindwa. Anafika saa 5 usiku imeshapita, na Akari yuko kwenye chumba cha kusubiri, karibu na jiko la moto, na chakula alichompikia.

Sehemu ya pili iko kisiwa cha Tanegashima, hukohuko Kagoshima, wanakorushia roketi. Kanae, binti anayesoma naye, anampenda Takaki na hasemi, Takaki naye anaandika meseji kwenye simu ambazo hazina wa kutumiwa, alafu anazifuta. Kuna lori linapita limebeba roketi kwa kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anatembea, kitu cha kwenda angani!

Ndo maana hii filamu ni ngumu kwenye vibanda vyetu vya video. VJ wetu, wale wanaotafsiri filamu kwa sauti yao juu ya picha, nawaheshimu sana, mimi nimekua nikisikiliza filamu za nje kwa Kiganda chao, lakini kazi yao ni kujaza kimya, na hapa kimya ndo hadithi yenyewe.

Mi nilikuwa na mtu Arua, mji wa mbali kaskazini. Hatukugombana hata siku moja. Nilikuwa napanda basi kila mwezi, ikawa miezi miwili, alafu 2024 daraja la Karuma, kwenye njia ya kwenda huko, likafungwa kwa matengenezo, mabasi yakawa yanazunguka mbali, nikasema nitaenda likifunguliwa. Lilifunguliwa, sikwenda. Ile siku tulipoachana hadi leo siijui ni ipi.

Jana kijana mmoja ameniletea zoezi la watu wanaagana basi paki, kachora binti analia, machozi makubwa mashavuni. Nimemwambia afute machozi, achore sakafu imelowa mvua na taa nyekundu za nyuma za basi zinang'aa kwenye maji, azisogeze milimita 2 kila fremu mpaka ziishe. Amekaa nayo mpaka usiku, taa zimefika nusu ya njia.